Taa ya Pili ya Trekta la Kijivu

Daktari wa meno alinitukana siku ya Jumatatu saa tatu asubuhi, hata chai yangu haijapoa. Alipiga simu, hakunisalimu, akaniambia kwamba mimi ni mwongo na kwamba watu wanaoniita mtaalamu wa taa za matrekta ya zamani wanatakiwa kupimwa akili.

Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya kulia chakula, ambayo tangu nistaafu ndiyo ofisi yangu. Miaka thelathini na moja nilifanya kazi stoo ya vipuri kwa wakala wa matrekta. Wakala alipofunga biashara wakataka kuchoma katalogi zote, nikazibeba nyumbani kwa safari nne za gari, na mume wangu akanitengenezea rafu ukuta mzima. Sasa watu wenye ugonjwa wa kufufua matrekta ya zamani wananiandikia. Wananiuliza kioo cha taa ya nyuma kilikuwa na mistari au hakikuwa nayo, pete ya taa iligongwa namba gani, waya wa swichi ulikuwa na rangi gani ulipotoka kiwandani. Nawajibu. Wengi hawapendi majibu yangu, kwa sababu wameshafunga taa za lori na wanataka niwaambie zimependeza.

Huyu daktari wa meno alikuwa amepata trekta la kijivu, la yale ya zamani kabisa, na alitaka liwe kama siku lilipozaliwa. Alinitumia picha. Nilizitazama mara moja, nikamwandikia: taa ya mbele upande wa kulia haipo, tafuta yenye kioo cha mistari ya wima, namba yake hii hapa. Kazi ya dakika mbili.

"Trekta langu halijawahi kuwa na taa mbili mbele," alisema.

"Daktari, matrekta hayo yote yana taa mbili mbele. Nilikuwa nayahudumia wewe hujaota meno."

"Mama, tuache meno. Matundu ya bolti ya upande wa kulia nimeyaingizia kioo changu cha kazi, kile ninachotazamia magego. Rangi ya kiwandani imo mpaka ndani kabisa, haina hata mkwaruzo. Bolti haijawahi kupita pale. Sasa niambie, hiyo taa ilikuwa imeshikiliwa na nini? Na maombi?"

Nikamwambia rangi inaweza kupigwa baadaye. Akaniambia na mimi naweza kupigwa na jua baadaye nikatoka nje ya nyumba yangu nikatazama trekta kwa macho badala ya kukaa na makaratasi. Nikamkatia simu.

Damu ilinichemka. Nilisema leo huyu mtu nitampa vidonge vyake, nitampigia picha ukurasa wenyewe na kumtumia, akome. Nikashusha katalogi. Ukurasa wa arobaini na sita una mchoro wa boneti na taa mbili, na safu ya idadi imeandikwa mbili. Nilikuwa nimeshashika simu nipige picha nilipoona kinyota. Kidogo, pembeni ya ile mbili, kama kinyesi cha nzi. Na chini ya ukurasa: tazama karatasi ya nyongeza.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo hamtanielewa. Kampuni ilikuwa ikibadilisha kitu kwenye trekta, haikuchapa katalogi mpya. Ilituma karatasi moja moja kwa posta, tuzichomeke nyuma ya kitabu. Kila karatasi ilisema badiliko linaanzia namba gani ya chasi. Stoo yetu zile karatasi zilikuwa zinatupwa kwenye boksi mpaka mtu apate nafasi, na foleni ikiwa mpaka mlangoni nani anapata nafasi? Picha ina mbili, safu inasema mbili, unaandika mbili, unaita anayefuata. Hakuna aliyefuata vinyota. Hilo ni kosa la watu wa stoo tu. Mkulima asingelifanya, maana mkulima anatazama trekta.

Boksi nilikuwa nalo. Nililimwaga sakafuni na kukaa chini na magoti yangu mabovu, nikapekua mpaka saa nane mchana. Karatasi niliyoitaka ilikuwa imegandamana na risiti ya kufulia. Ilisema kwamba matrekta yote mpaka chasi namba 42000 yalitoka na taa moja mbele, upande wa kushoto, na taa moja nyuma ya kulimia. Taa ya pili ya mbele ilianza na 42001. Matundu yalitobolewa pande zote mbili tangu mwanzo, kwa kuwa bamba lilikuwa la aina moja.

Chasi ya daktari wa meno ilikuwa chini ya hapo; alikuwa amesema kweli. Kisha ikanijia namba nyingine, si ya daktari.

41862.

Namba hiyo sihitaji kuiandika popote. Ni ya trekta la baba mkwe wangu.

Mume wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano baba yake aliponunua trekta hilo kwenye shamba lililokuwa linafungwa, mbali. Kabla mzee hajalizoea akaugua, akalazwa wiki sita, na mwanawe ndiye akabaki nalo akilima. Mzee alipotoka hospitali alilipeleka kwa wakala likakaguliwe. Likarudi na fomu: taa ya mbele upande wa kulia haipo. Mzee ni mtu wa kunyoosha mambo, hata soksi zake hupigwa pasi. Akamwita mwanawe akamuuliza taa ameiuza kwa nani. Kijana akala kiapo kwamba hakuiona. Mzee akamwonyesha matundu mawili matupu na fomu yenye muhuri, akamwambia: toka, na usikanyage hapa mpaka uje na taa yangu.

Mume wangu ana kichwa kigumu kuliko baba yake. Hakuomba msamaha kwa kitu ambacho hakukifanya, lakini aliamini taa ilikuwapo, kwa kuwa wataalamu walisema ilikuwapo. Aliamini imedondoka shambani. Aliitafuta kwenye yale mashamba siku kumi na moja kwa mikono. Kisha akaanza kuja stoo kwetu kila Jumamosi kuuliza kama imeingia. Ndivyo tulivyojuana. Nilikuwa na miezi michache kazini, na nilikuwa nikimwona anaingia namtajia namba ya ile taa kwa kichwa kabla hajafika kaunta, acheke. Taa zenyewe zilishaacha kutengenezwa. Aliwahi kupata moja iliyofanana, akaipeleka getini. Mzee akaitazama, akasema si ya trekta hili, namba si yake, akairudisha.

Tukaoana bila wao. Watoto wetu wawili wamekua hawajui babu yao anacheka vipi. Na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi na mzee, kila msiba na kila harusi tuliyokutana ameniita mke wa mwizi, tena kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Mimi namwita nyoka. Nimemwita hivyo usoni na kisogoni, na sikuwahi kujuta hata siku moja.

Jioni ile nilimwekea mume wangu karatasi mezani. Alikuwa ametoka karakana, ni seremala, nywele zimejaa vumbi la mbao. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Kwa hiyo haikuwapo," akasema.

"Haikuwapo."

"Haikuwahi kuwapo."

"Baba watoto, haijawahi kutengenezwa. Ulikuwa unatafuta kitu ambacho hakijazaliwa."

Alikwenda kunawa mikono. Alikaa muda mrefu bafuni, maji yakimwagika. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na alisema vumbi. Nikamwambia Jumamosi tunakwenda kwa baba yako, na kama dada yako atafungua mdomo wake nitaufunga na hii karatasi.

Lakini karatasi peke yake nilijua haitatosha. Mzee angeuliza kama namba ya chasi haikusomwa vibaya, kama karatasi ni ya kweli, angeuliza mpaka kesho. Nilihitaji ushahidi wa kwenye bati lenyewe. Kwa hiyo nilikwenda kliniki kwa daktari wa meno, nikasimama mbele ya wagonjwa wake watatu nikamwambia alikuwa sahihi.

"Rudia kidogo, nesi hakusikia."

Nikarudia. Nesi alisikia, na mgonjwa mmoja aliyejishika shavu akacheka. Daktari akanipa kile kioo kidogo chenye mpini mrefu nikakitumie, akaniambia nikirudishe kikiwa safi, maana yeye hataki magonjwa ya matrekta midomoni mwa watu. Mtu yule hana adabu hata kidogo. Nilimshukuru hivyohivyo.

Jumamosi mume wangu aliegesha gari mbele ya geti la baba yake na kuzima injini. Nikasubiri ashuke. Hakushuka.

"Alisema nije na taa," akasema. "Siingii mpaka aniite mwenyewe."

"Mnafanana mpaka mnatia kichefuchefu," nikamwambia, nikachukua mkoba wangu nikaenda kugonga.

Wifi alifungua nusu ya geti na kusimama katikati yake. Ameongezeka mwili, na kaniki aliyojifunga ilikuwa na madoa ya sabuni.

"Wifi! Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kumwona baba."

"Baba amelala."

"Sijalala," ikasema sauti kutoka barazani.

Wifi alinitolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemwamsha. Akasogea kidogo, kiasi cha kunifanya nipite kwa ubavu, na nilipopita akasema, "Angalia usiondoke na kitu."

Mzee alikuwa kwenye kiti cha mbao, blanketi magotini, ana miaka themanini na tisa. Mara ya mwisho nilimwona kwenye mazishi ya shangazi, kwa mbali. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Nikapiga magoti kidogo nikamwamkia. Aliitikia bila kunitazama.

"Umekuja na taa?"

"Nimekuja na karatasi, baba."

"Karatasi haimuliki."

Wifi akacheka nyuma yangu. Nilijikaza. Nikafungua katalogi ukurasa wa arobaini na sita, nikamwonyesha kinyota, nikamwonyesha karatasi ya nyongeza, nikamsomea taratibu. Nikamtajia namba yake ya chasi na akatikisa kichwa kukubali, maana na yeye anaijua kwa kichwa. Aliniuliza karatasi nimeipata wapi, nani aliichapa, mbona muhuri wake umefifia. Niliyatarajia yote hayo.

"Twende kwenye trekta, baba," nikasema. "Usiniamini mimi. Amini bati."

"Baba hatoki barazani," akasema wifi. "Akianguka utamwokota wewe?"

"Nipe fimbo," akasema mzee.

Trekta lilikuwa bandani nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai. Wifi alilifunua kwa hasira, vumbi likatuingia sote. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona. Nilishangaa lilivyo dogo. Taa ya kushoto ilikuwa pale pale, kioo chake kizima, na upande wa kulia bamba tupu lenye matundu mawili. Mzee alikuwa hajaruhusu mtu ageuze chochote. Alilitunza vile vile kama walivyotunza hasira yao humo ndani.

Nikawasha tochi ya simu, nikaingiza kioo cha daktari. Ndani ya matundu ya kushoto chuma kilikuwa kimesuguliwa na bolti, rangi imetoka, kuna kutu. Ndani ya matundu ya kulia rangi ya kijivu ilikuwa laini mpaka mwisho, imejaa hata kwenye kingo, haijaguswa. Nikamshikia mzee kioo mpaka akaona. Kisha nikainama chini ya boneti nikamwonyesha nyaya zinazotoka kwenye swichi. Waya mmoja unakwenda kushoto. Kulia hakuna unaokwenda, na kitambaa kinachofunga nyaya hakina hata tundu la kutokea upande huo.

"Mtu anaweza kuiba taa, baba. Hawezi kuiba na tundu la waya."

Mzee aliweka fimbo pembeni, akajishikilia kwenye boneti, akaingiza kidole chake kidogo kwenye tundu la kulia. Akakizungusha. Akakitoa akakitazama.

Mimi nilikuwa na furaha, sitaficha. Niligeuka nimtazame wifi usoni nifaidi.

"Subirini," akasema wifi. "Msiondoke hapa."

Alirudi na bahasha ya nailoni. Humo ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imekunjuliwa na kukunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imegeuka matobo. "Huyu anakuja na kinyota," alimwambia baba yake. "Sisi tuna muhuri. Wataalamu walikaa wakaandika. Kama taa haikuwapo, hawa walioandika haipo walikuwa wamelewa?" Akanisukumia kifuani. "Soma. Si wewe unajua kusoma?"

Nikaipokea nikiwa na jibu tayari. Nilikuwa nimeshajua nitasema nini: wale wa stoo hawakufuata kinyota, walikuwa wazembe, basi. Nikaikunjua.

Orodha ya vipuri visivyopo. Chasi 41862. Mstari wa tatu: taa ya mbele, mkono wa kulia, moja. Na pembeni neno haipo, limepigiwa mstari mara mbili kwa rula.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Niliusoma tena kama mtu anayetafuta kosa katika cheti cha kifo. Herufi h yenye mkia, tarakimu zangu za 2 zenye kitanzi chini. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: fundi wa gereji anahesabu vilivyopo kwenye trekta, anaandika kwenye kipande cha karatasi, analeta stoo. Sisi tunafungua katalogi, tunalinganisha, kilichopungua tunakiandika kwenye fomu. Hatuoni trekta, hatumwoni mwenye trekta. Fundi aliandika taa ya mbele moja. Kitabu kilisema mbili. Mbili toa moja. Nilikuwa na wiki ya pili kazini, na nilipiga ile mistari kwa rula ili mkuu wa stoo aone nina umakini.

"Mbona kimya?" wifi akaniuliza. "Karatasi ya wengine huioni vizuri?"

Nisijifanye mtakatifu. Nilifikiria kunyamaza. Saini ilikuwa mchoro tu, hakuna jina, na hakuna mtu bandani mle ambaye angejua. Ningesema karani alikosea, na isingekuwa uongo. Kilichonizuia ni kwamba mume wangu alikuwa getini, ataingia, ataonyeshwa ile karatasi, na huo mwandiko ameusoma kwenye orodha za sokoni zaidi ya miaka thelathini. Angeutambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Kwa hiyo msinisifu.

"Nani aliandika hii?" mzee akauliza.

"Ni mimi, baba."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, mambo ya fundi na kipande cha karatasi na wiki ya pili. Wifi alinisikiliza mdomo wazi, halafu akapiga makofi mara moja.

"Miaka thelathini na nne," akasema. "Unaniita nyoka mbele za watu. Mimi namwosha baba, nampikia, nalala mlango wazi nimsikie akikohoa, yuko peke yake kwa sababu mwanawe wa kiume hayupo. Na hayupo kwa ajili yako. Umetuandikia wewe. Kisha ukamchukua na yeye mwenyewe ukaenda kukaa naye!"

Nilikunja fomu kwenye mikunjo yake ileile nikamrudishia.

Mzee alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu lililokuwa ukutani. Hakunitazama mimi wala fomu. "Siku ile kijana alikuwa na homa," akasema. "Nilimwona ana homa. Nikamwambia atoke hivyohivyo." Akajifuta pua kwa kiganja, yeye ambaye leso yake haikosekani mfukoni. "Kamwite mwanangu."

Nilitembea mpaka getini. Mume wangu aliniona nakuja, akateremsha kioo cha gari.

"Vipi?"

"Baba yako anakuita. Amesema kamwite mwanangu."

Akakamata mpini wa mlango. Nikauzuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza. Ile fomu wameitunza. Nimeiona leo."

"Na?"

"Niliiandika mimi. Mwandiko wangu. Kabla sijakujua."

Alitazama mbele, barabarani, ambako hakukuwa na kitu. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, ile mikono yenye makovu ya patasi. Nilianza kusema kuhusu kinyota na boksi la karatasi, akainua kidole kunikatiza.

"Nilipokuwa nakuja kaunta," akasema. "Namba ya chasi ilikuwa mkononi. Nilikuwa nakusomea."

"Ndiyo."

"Ulifungua kitabu?"

"Sikufungua. Nilikuwa najua kwa kichwa."

"Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi."

Alishuka. Akachomeka shati vizuri, akapita pembeni yangu bila kunigusa, akaingia getini na kuliacha wazi. Nilibaki nimesimama nikimwona anavyokwenda, hatua fupi fupi, kama mtu anayevuka sakafu iliyopigwa deki. Mzee alikuwa ameletwa mpaka pembe ya nyumba. Sikusikia walichoambiana. Niliona baba mtu anamshika mwanawe uso kwa mikono miwili na kuutikisa, na wifi ameketi chini kwenye vumbi akilia kwa sauti, mguu mmoja nje ya kandambili. Nilifurahi. Nilifurahi kwelikweli, na nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilishindwa kusogea hata hatua moja kuelekea kwao.

Hakuna aliyeniita. Nilirudi kukaa ndani ya gari, upande wa abiria, mkoba mapajani. Nikampigia daktari wa meno kumwambia kioo chake nimekiacha bandani na nitakirudisha wiki ijayo. Aliuliza kama kilisaidia. Nikasema ndiyo. Kwa mara ya kwanza hakuwa na tusi, labda kwa sababu ya sauti yangu.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa pili wa nyumba mume wangu alipotoka. Alikuja mpaka dirishani kwangu akainama. Alikuwa amelia na alikuwa amekula, kulikuwa na punje ya wali kwenye sharubu. Nilinyoosha mkono niitoe, akaitoa mwenyewe.

"Nabaki hapa," akasema.

"Leo?"

"Nabaki, mama watoto. Wewe nenda na gari."

Akanipa ufunguo. Nikahamia kwenye usukani, nikasogeza kiti mbele maana miguu yangu haifiki, na yeye akasubiri nimalize kama anavyosubiri mtu mstaarabu. Nilimuuliza kama nimletee nguo zake kesho.

"Usijisumbue," akasema. "Dada ameshanitolea za baba. Zinanienea."